Hao "Wajamaika" tunaowasengenya London

Watanzania wa London tuna kauli moja inayonikera: "Sisi si kama hao Wajamaika." Utaisikia harusini, msibani, hata kwenye kundi la WhatsApp la kuchangishana. Maana yake ni kwamba sisi tumekuja na vyeti na adabu zetu, wao wanagombana na polisi kwa sababu wanapenda fujo. Tena wengi tunaowaita Wajamaika asili yao ni visiwa vingine vya Karibi, Trinidad, Barbados au Antigua, na wamezaliwa hapa hapa.

Wazee wao walianza kushuka bandari ya Tilbury, karibu na London, na meli ya Empire Windrush Juni 1948, wakiwa na haki zote za kuishi Uingereza. Mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilifuata wafanyakazi Barbados kwenyewe. Mchana waliendesha mabasi na kuuguza wagonjwa, jioni wakitafuta chumba wanafungiwa mlango. Mwaka 1958 vijana wa Kizungu waliwavamia Notting Hill, mtaa wa London. Mwaka uliofuata Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, akachomwa kisu mtaani, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Kisa cha mgahawa wa Mangrove ndicho ningependa kila Mbongo akijue. Frank Crichlow, mzaliwa wa Trinidad, aliufungua Notting Hill mwaka 1968. Kati ya Januari 1969 na Julai 1970 polisi waliuvamia mara 12 wakidai wanatafuta dawa za kulevya, wasipate kitu. Watu wakaandamana, tisa wakashtakiwa kwa kuchochea ghasia. Mahakamani mwaka 1971 baadhi yao walikataa mawakili, wakasimama kujitetea na kuwabana askari kwa maswali. Wote tisa wakaonekana hawana hatia kwa shtaka hilo la ghasia, na jaji akatamka kuwa chuki ya rangi imeonekana pande zote mbili. Pande zote mbili, yaani hata kwa polisi. Kabla ya hapo nani alithubutu kulisema hilo kortini?

Vijana wao, miaka ya 1970, walikamatwa kwa sheria ya 1824 iliyotungwa kwa ajili ya ombaomba na wanajeshi waliorudi vitani bila kazi. Polisi alitosheka kushuku tu kwamba mtu yuko barabarani kwa nia ya kutenda kosa. Hakuna mlalamikaji, hakuna kilichoibwa, ushahidi ni askari wawili basi. Mnaona inafanana na nini? Ni uzembe na uzururaji wetu, mkoloni aliouacha kwenye Kanuni ya Adhabu nasi tukautunza. Waingereza walikifuta kipengele hicho cha kushuku mwaka 1981. Mwaka 1983 Dar es Salaam tukawa tunazoa watu mitaani kwa jina la Nguvu Kazi na kuwapeleka vijijini wakalime.

Mimi nimeshasimamishwa nje ya kituo cha treni, usiku, natoka kazini. Mkoba ukapekuliwa hadi bakuli la wali na maharage likafunguliwa. Hasira zilinipanda, siwadanganyi. Ila iliwabidi waniambie sababu, na nikaondoka na karatasi yenye kumbukumbu ya upekuzi. Bongo ningeambiwa "tuongee kiutu uzima", nikatoa ya soda, yakaisha.

Karatasi hiyo ina historia. Aprili 1981 polisi waliovaa kiraia walisimamisha karibu watu 1,000 Brixton, mtaa wa London wenye watu wengi wa asili ya Karibi, kwa siku chache, mtaa ukawaka moto. Jaji Lord Scarman akachunguza, na mwaka 1984 ikapitishwa sheria inayomdai askari aeleze na aandike. Waliolipia ni hao hao tunaowasengenya.

Nyumbani nakiri kuna nafuu moja. Vaa suti, shuka kwenye gari, afande atakupigia saluti. Ukikwama, muulize kwao wapi, mkiwa watani mtaishia kucheka. Hapa suti haisaidii. Mwanangu akisimama kituo cha basi na kofia ya sweta kichwani, hakuna askari atakayejua kwamba baba yake ni wa Tanga.

Na mambo hayajaisha. Mwaka 1999 ripoti ya Macpherson, kuhusu mauaji ya Stephen Lawrence, kijana Mweusi aliyeuawa na vijana wa Kizungu, ilisema polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi. Mwaka 2023 Louise Casey, aliyepewa kazi ya kuwachunguza polisi hao, akasema hivyo hivyo. Kamishna akayakubali matokeo lakini akagoma kulitumia neno lenyewe. Ni aibu. Lakini ripoti ipo mtandaoni, zaidi ya kurasa 300, mtu anaisoma bure kwenye basi. Za kwetu ngapi zimetoka kabatini?