Kikomo cha mwendo hakipimi ustadi wa dereva

Kila panapozuka mjadala kuhusu vikomo vya mwendo katika barabara kuu, hoja ya kwanza kutolewa huwa ni ile ya dereva mzoefu: kwamba ameendesha miaka mingi bila kugonga wala kugongwa, gari lake lina tairi nzuri na breki zinazoshika, barabara yenyewe ni pana na imenyooka, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye kibao imewekwa kwa ajili ya wengine. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu wengi wanaoitoa ni madereva wazuri kwelikweli. Hata hivyo, naamini imekosea kwenye msingi wake, kwa kuwa inachukulia kwamba kikomo kimewekwa ili kupima ustadi, ilhali kazi yake ni kutulinda katika zile sekunde mbili tatu ambamo ustadi wa mtu yeyote hauna nafasi tena.

Tumchukue dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa juu ya lami kavu, ambaye ghafla anaona lori limesimama na kuziba njia yake. Kwa mwendo huo, gari linamaliza karibu mita 28 kila sekunde. Kuona, kutambua, kuamua na kuhamisha mguu hadi kwenye breki humchukua mtu wa kawaida sekunde moja na nusu hivi, kwa hiyo mita 42 zimekwisha kabla tairi hazijaanza kukamata. Baada ya hapo, breki nzuri zinahitaji mita nyingine 55 hivi kulisimamisha gari, na jumla inakuwa mita 97. Dereva wa pili, aliye katika hali ile ile lakini anakwenda kilomita 120, atahitaji takriban mita 129. Wengi huamini kwamba tofauti hiyo ya kilomita 20 maana yake ni kuligonga lile lori kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, yaani ajali ya kukunja bamba na kuvunja taa. Sivyo hata kidogo. Pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, gari la pili bado linakwenda kilomita 77 hivi kwa saa, kwa sababu nguvu iliyomo katika gari linalokimbia huongezeka kwa mraba wa mwendo, na breki huimaliza nguvu hiyo kidogo kidogo kwa kila mita, hivyo sehemu kubwa ya kasi hubaki hadi mwishoni.

Sasa tumpe dereva wetu mzoefu haki yake. Tuseme ana macho makali na wepesi usio wa kawaida, kiasi kwamba anakanyaga breki baada ya sekunde moja tu badala ya moja na nusu. Akiwa na mwendo wa kilomita 120, wepesi huo unamwokolea karibu mita 17, ambazo si haba. Lakini kile kilomita 20 za ziada zilichomnyang'anya ni mita 32. Bado ataligonga lori, tena kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, wakati dereva wa kawaida kabisa aliyefuata kibao cha 100 amesimama mbele yake salama. Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kabisa kuwasikiliza wanaosema kwamba mwendo mkubwa mikononi mwa fundi hauna madhara. Uzoefu una faida nyingi barabarani, hasa ile ya kuiona hatari kabla haijajitokeza, ila hauwezi kulipia deni ambalo mguu umelikopa.

Mvua ikinyesha mambo huwa mabaya zaidi, kwani kwenye lami iliyolowa msuguano unaweza kupungua karibu nusu, na mwendo wa kilomita 80 ukahitaji mita zile zile ambazo 100 ilihitaji pakavu. Usiku nao una hesabu yake, ambayo kwa maoni yangu haizungumzwi vya kutosha. Taa za chini za gari kwa kawaida humulika vizuri mita 40 hadi 60 za mbele, na kulisimamisha gari lililo katika kilomita 80 kwa saa kunahitaji mita 68 hivi hata pakiwa pakavu. Maana yake ni kwamba dereva anayekwenda 80 kwa taa za chini, katika barabara isiyo na taa, anaendesha kuelekea mahali ambapo hapaoni, akitumaini kwamba hapana mtu anayevuka, mnyama, wala tela lililoharibika bila alama. Kibao cha 100 hakibadiliki jua linapozama, na hapo sheria inamwachia dereva apunguze kwa hiari yake. Ningependa kuona nchi nyingi zaidi zikiweka kikomo cha usiku kwa barabara zisizo na taa.

Na haya yote tunayafanya ili kuokoa nini? Katika safari ya kilomita 120, dereva anayepandisha mwendo kutoka 60 hadi 80 kwa saa anaokoa nusu saa nzima. Anayetoka 120 kwenda 140 anaokoa dakika zisizofika tisa, na hilo ni pale tu ambapo njia ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, bila lori la kulipita, bila mzunguko, bila foleni ya kuingia mjini. Kadiri mshale wa spidi unavyopanda, ndivyo dakika zinazopatikana zinavyopungua huku hatari ikizidi. Mtafiti wa Kiswidi Göran Nilsson alionyesha uhusiano ambao hadi leo Shirika la Afya Duniani linautumia, kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, ajali zenye vifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote katika mwaka 2021.

Swali gumu zaidi ni nani apange hiyo namba ya kwenye kibao, na kwa kigezo gani. Katika sehemu nyingi za Marekani wahandisi wamezoea kupima mwendo wa magari pale ambapo hakuna msongamano, kisha kuchukua ile kasi ambayo madereva 85 kati ya 100 hawaivuki, na kuifanya kuwa kikomo au karibu yake. Utaratibu huu una mvuto, kwa sababu unawaamini watu wazima kwamba wanajua kujilinda. Mimi siukubali. Dereva huchagua mwendo kwa kile anachokiona na kukihisi, na gari la kisasa limetengenezwa makusudi ili asihisi kitu: injini haina kelele, kiti hakitetemeki, upepo hausikiki. Aliyekwenda saa mbili kwa kilomita 120, akiingia sehemu ya 80 huona kama amesimama. Zaidi ya hapo, wengi wakizidisha kikomo kilichopo, kipimo kinachofuata kitapanda, kikomo kipya kitawekwa juu zaidi, na baada ya miaka michache watakizidisha nacho.

Marekani yenyewe inatupa historia ya kufikiria. Mwaka 1974, baada ya mafuta kuadimika, sheria ya shirikisho iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani takriban kilomita 89, nchi nzima. Lengo lilikuwa kuokoa mafuta, wala si maisha, lakini vifo vya barabarani vilishuka kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi takriban 45,000 mwaka 1974. Ni haki kusema kwamba watu pia walisafiri kidogo mwaka huo, hivyo si vifo vyote vilivyoepukwa vinaweza kuhesabiwa kwa kikomo peke yake. Kikomo hicho kililegezwa mwaka 1987 kwa barabara kuu za mashambani na kufutwa mwaka 1995, na leo ipo sehemu ya barabara huko Texas yenye kibao cha maili 85 kwa saa, takriban kilomita 137.

Uswidi ilishika njia nyingine, nami naiona kuwa ndiyo sahihi. Mwaka 1997 bunge la nchi hiyo lilipitisha sera inayosema kwamba hakuna kifo wala jeraha kubwa la barabarani linaloweza kukubaliwa kuwa gharama ya kawaida ya usafiri. Kwa sera hiyo, kazi ya kupanga kikomo inaanza na mwili wa binadamu: mwili unaweza kustahimili pigo la kiasi gani, katika aina ya ajali inayoweza kutokea mahali hapo? Panapopita watu kwa miguu, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa hivi. Panapokatana njia, ambapo gari linaweza kugongwa ubavuni, usizidi 50. Pale ambapo magari yanapishana bila kizuizi katikati, usizidi 70, kwa kuwa juu ya hapo hata gari bora na mkanda wa usalama haviwezi kuwahakikishia uhai waliogongana uso kwa uso. Ukitaka magari yaende kasi zaidi ya hapo, jenga kizuizi. Waswidi walifanya hivyo hasa: barabara pana zilizokuwa zikiua watu wengi walizigawa katika njia tatu, upande mmoja ukipewa njia mbili kwa kilomita kadhaa na kisha upande wa pili, huku katikati wakikaza uzio wa nyaya za chuma. Vifo katika barabara hizo vilipungua kwa zaidi ya nusu, na mwendo haukulazimika kushushwa sana, kwa sababu ajali yenyewe iliyokuwa ikiua iliondolewa.

Hapo ndipo watetezi wa mwendo huru huitaja Ujerumani, ambako karibu asilimia 70 ya mtandao wa barabara kuu za mwendokasi haina kikomo cha kudumu, na bado watu hawafi kwa wingi kama wengine wanavyotarajia. Mfano huo nauchukulia kwa uzito, ila sharti utazamwe mzima. Barabara hizo zimetenganishwa katikati, hazina makutano yanayokatana, hakuna mwenda kwa miguu wala baiskeli, na kulipita gari kwa upande usioruhusiwa ni kosa linaloadhibiwa. Malori makubwa hayana uhuru wowote, yamefungwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Na hata kwa magari madogo, tangu mwaka 1978 upo mwendo unaopendekezwa wa kilomita 130, ambao dereva akiuzidisha na ajali ikatokea, anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama mahakamani ingawa hakuvunja sheria. Anayeutaka uhuru wa Ujerumani na autake pamoja na barabara yake, mafunzo yake ya udereva na lawama zake. Kuuhamishia uhuru huo kwenye barabara ya njia mbili yenye vijiji kandokando ni kuomba vifo.

Wapo pia wanaosema kwamba kinachoua ni tofauti ya mwendo kati ya magari, na kwamba anayejikokota ni hatari kama anayekimbia. Kuna ukweli ndani yake, kwani gari linalokwenda polepole mno huzaa foleni, na foleni huzaa watu wa kuchomekea. Lakini dawa ya tofauti ni kuwashusha walio juu kuliko kuwahimiza walio chini, maana lori lililobeba tani 40 na kupanda mlima haliwezi kuharakishwa kwa kibao.

Nakiri kwamba mamlaka nazo hujiharibia. Kibao cha 50 kilichosahauliwa baada ya ujenzi kumalizika, kikomo kinachobadilika mara nne ndani ya kilomita mbili, askari aliyejificha mwisho wa mteremko mahali ambapo hapajawahi kutokea ajali: mambo haya humfundisha dereva kwamba namba ni mtego wa kukusanyia fedha, na akishajifunza hivyo hataiamini hata ile iliyowekwa kwa sababu ya kona inayoua. Ufaransa iliposhusha kikomo cha barabara nyingi zisizo na kizuizi kutoka 90 hadi 80 mwezi Julai 2018, sababu za kiusalama zilikuwepo, lakini wakazi wa mashambani waliiona kuwa ni amri ya watu wa mjini, na mwishoni mwa mwaka 2019 mamlaka za majimbo zilipewa ruhusa ya kurudisha 90. Ndiyo maana naunga mkono kamera zinazopima wastani wa mwendo kati ya nukta mbili kuliko zile zinazopima nukta moja. Kamera ya nukta moja huwafanya watu wakanyage breki ghafla wakiiona na kukanyaga mafuta wakishaipita. Ile ya wastani haina faida kwa anayevizia, wala haimwadhibu mtu kwa kuzidisha kidogo wakati wa kulipita lori.

Ila kuna kundi la madereva ambao kamera peke yake haitawatosha, nao ni wale wanaoendesha kwa mshahara. Dereva wa basi au lori anayelipwa kwa idadi ya safari, au anayekatwa fedha akichelewa, hashindani na kibao. Anashindana na tajiri wake. Umoja wa Ulaya ulilitambua hilo katika kanuni yake ya mwaka 2006, ambayo inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na pia inakataza kumlipa kwa umbali aliokwenda au kwa haraka ya kufikisha mzigo pale ambapo malipo hayo yanahatarisha usalama, huku kampuni yenyewe ikiwajibika kwa makosa ya madereva wake. Sehemu nyingi nyingine, basi likipinduka, dereva anakamatwa, leseni inafungiwa, na uchunguzi unaishia kwenye kasi aliyokuwa nayo. Ningetaka ratiba ya safari hiyo na mkataba wake wa malipo vichukuliwe siku hiyo hiyo kama ushahidi. Ikiwa ratiba inadai wastani wa kilomita 85 kwa saa katika barabara yenye kikomo cha 80, aliyeiandika ashtakiwe pamoja na aliyeshika usukani.