Mwachie Mshipi Wake

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa haraka ya sekunde tatu. Kijana niliyepangiwa kukaa naye ana mtindio wa ubongo. Vidole vyake hujikunja vikawa ngumi, na mkono wa kulia humtii siku unapotaka. Tulikuwa ukingoni mwa bwawa la samaki nje ya Kisumu, upande wa Kibos, tangu saa mbili asubuhi. Ufito wake tulikuwa tumeufunga kwenye ngumi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Saa nne hivi boya likazama. Akapiga ukelele, mwili mzima ukakakamaa kwa furaha, na ufito ukaanza kuyumba huku na huku. Nikaogopa samaki atachomoka. Nikaudaka ufito, nikavuta, nikatoa sato wa ukubwa wa kiganja na kumwinulia mbele ya macho yake. "Umemshika, omera!"

Akageuza uso. Hakunitazama tena mpaka wakati wa chai.

Mama yake alikuwa ameketi nyuma yetu juu ya leso. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu la Kijaluo, kwa sauti ya chini: "Weye." Mwache.

Tangu asubuhi hiyo nimejitolea mara nyingi kwenye siku za uvuvi za watu wenye mahitaji maalum, na kama kuna jambo ninalotaka kumwambia yeyote anayefikiria kuja, ni hilo neno la mama yule. Kazi yako pale si kuvua. Kazi yako ni kuhakikisha mshipi unabaki mkononi mwa mwenyewe, hata kama samaki atakwenda zake.

Si jambo jepesi, kwa sababu tumelelewa tukiona kwamba mtu mwenye ulemavu hufanyiwa. Anavalishwa, analishwa, anasukumwa, anasemewa. Akienda dukani na dada yake, muuzaji humuuliza dada, "Huyu atakunywa soda gani?" Wanaofanya hivyo si watu wabaya, na wengi wana huruma ya kweli. Lakini huruma ikishika ufito, mwenye ufito anabaki kuwa mtazamaji wa siku yake mwenyewe. Niliona hilo usoni mwa kijana yule na sitaki kuliona tena.

Siku za namna hii zipo kwingine pia. Marekani kuna shirika liitwalo C.A.S.T. for Kids, ambalo tangu 1991 limekuwa likiwakutanisha watoto wenye mahitaji maalum na wavuvi wanaojitolea. Huko wengi huvua kwa starehe, na mara nyingi samaki hurudishwa majini. Kwetu kandokando ya Ziwa Victoria uvuvi ni kazi na ni chakula, na mimi naona hapo ndipo siku zetu zinapopata uzito wake. Mtoto wa huku amekua akisikia habari za ngege, mbuta na omena; nani ametoka ziwani na nini, nani amepoteza nyavu. Kaka zake wameshuka ufuoni tangu wadogo. Yeye ameachwa nyumbani na nyanya. Ukimpa mshipi, umempa nafasi katika mazungumzo ambayo siku zote ameyasikia akiwa pembeni.

Kwa hiyo usimrudishe samaki wake majini kwa kuiga wageni. Akimshika, ni wake. Mtu ambaye kila siku huletewa sahani, leo anaingia nyumbani na kitoweo.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Nenda ufuo wa Dunga, hapo Kisumu, Jumapili mchana, familia zikiwa zimejaa kula samaki na kupanda mashua, uwatafute. Utahesabu wachache sana. Ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inawapa haki ya kufikia maeneo yote na vyombo vya usafiri wa umma, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja burudani na michezo waziwazi katika kifungu cha 30. Ndiyo maana sipendi siku hizi zikiitwa msaada. Ni deni, na tunalilipa polepole mno.

Kinachokula pesa nyingi si ndoana wala chambo. Nyungunyungu tunachimba wenyewe, na ugali uliofinyangwa vizuri unamtosha sato wa bwawani. Kinachokula pesa ni nauli. Nimesimama stendi na mama mmoja akiwa na binti yake na kiti cha magurudumu, matatu tatu zikapita, na ya nne ikataka kiti kilipiwe nauli kama abiria. Tuktuk ndiyo iliyotuokoa. Dereva alikikunja kiti, akakifunga nyuma kwa kamba, akamwinua binti kwa adabu baada ya kumuuliza kwanza yeye mwenyewe kama amruhusu. Watu wakiniuliza wachangie nini, huwaambia: lipia familia moja tuktuk ya kwenda na kurudi. Fulana za kuvaa siku moja hazina haja.

Aliyenifundisha zaidi ya wote ni mzee mmoja asiyeona. Presha ya macho ilimpofusha akiwa bado na mtumbwi wake, baada ya miaka mingi ya kuvua mbuta upande wa Asembo. Aliletwa na mkwewe, akaandikwa kama washiriki wengine, akapewa kiti kivulini. Msichana wa chuo, mwenye moyo mzuri kabisa, akapiga magoti akamfungia ndoana. Mzee akamsubiri amalize. Kisha akalipapasa lile fundo kwa ukucha wa kidole gumba, akatikisa kichwa taratibu.

"Nyathina, mwanangu, hili litateleza."

Akalikata. Akaigeuza ndoana kati ya vidole mpaka tundu likamwelekea, akapenyeza mshipi mara ya kwanza bila kukosea, akauzungusha juu yake wenyewe mara tano, akairudisha ncha kwenye kitanzi. Kabla ya kulikaza aliliweka fundo mdomoni akalilowesha kwa mate. "Ukilikaza kavu," alisema, "mshipi unaungua kwa ndani. Huoni kitu. Samaki mkubwa akivuta, ndipo unajua." Kufikia saa nne alikuwa amezifunga ndoana za kila mtu pale bwawani, na sisi tunaojitolea tumepanga foleni mbele yake, kila mmoja na kipande chake cha mshipi, tukifundishwa. Yule msichana alirudia mara sita mpaka ukucha wa mzee ukaridhika. Orodha ya washiriki haina tena jina la mzee huyo. Yuko kwenye ile ya walimu.

Lakini kumwachia mtu mshipi si kumwachia hatari, na hapa nataka nieleweke. Uhuru unataka matayarisho. Jaketi la kuokoa maisha linavaliwa hata bwawani, kabla ya kufika ukingoni, na sisi tunaojitolea tunavaa pia ili lisiwe alama ya mtu dhaifu. Mwenye kifafa hukaa hatua mbili tatu kutoka majini, na kuna mtu mmoja ambaye hashiki ufito siku nzima; kazi yake ni kutazama watu tu. Asubuhi ya siku hiyo mzazi aulizwe kama dawa zimemezwa, mtoto anaogopa nini, anapochoka huonyesha vipi. Muulize na mwenyewe, hata kama hasemi kwa maneno. Jibu lipo ukisubiri. Lile jino dogo la ndoana linalomzuia samaki kuchomoka, liponde kwa koleo mpaka lilale. Samaki wachache watatoroka, lakini ndoana ikimwingia mtu kidoleni inatoka bila kumrarua.

Na anzeni mapema. Anayelijua ziwa letu anajua jinsi upepo wa mchana unavyobadilika na mvua ya ngurumo inavyoweza kuvamia alasiri. Saa sita tuwe tumeshakunja. Ukingo wa ziwa una mambo yake mengine: viboko, na kichocho kwa anayetia miguu majini. Ndiyo sababu napenda zaidi mabwawa ya wafugaji. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009 ulilenga kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, na ingawa si machache yaliyogeuka vichaka, huku magharibi, kuanzia Kisii hadi Kakamega, mfugaji mwenye bwawa zuri bado utampata. Mwombe asiwalishe samaki asubuhi ile, na asawazishe ukingo mmoja kwa jembe ili magurudumu yapite. Hakuna hata mmoja kati ya niliowaomba aliyekataa. Mmoja alijenga na choo chenye mlango mpana, kwa gharama yake, bila kuambiwa.

Sasa niseme lililoniumiza. Mwaka mmoja tulialikwa kwenye siku iliyoandaliwa na wakubwa fulani. Mgeni wa heshima alichelewa saa mbili na nusu. Hema lilikuwa la wageni. Watoto walikaa juani, wawili kati yao wakiwa na ualbino, mpaka mama mmoja akavua kitambaa chake kuwafunika. Spika ziliwekwa hatua kumi kutoka majini, muziki ukapigwa tangu asubuhi. Msichana mmoja mwenye usonji aliziba masikio, akalia, akajipigapiga kichwa, hadi baba yake akambeba na kumrudisha nyumbani bila kugusa mshipi. Mgeni alipofika alipewa ufito, akapigwa picha akiwa amemshikilia mtoto begani, akagawa unga, akaondoka. Samaki hakuna aliyevuliwa. Nani angevua kwa kelele ile?

Yule msichana alikuja kwetu miezi michache baadaye, bwawani, pasipo spika. Alilitazama boya muda wa saa nzima. Baba yake aliniambia nyumbani hatulii dakika tano, na akawa anapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

Kwa hiyo naomba, tena kwa moyo wote: pasiwe na mgeni wa heshima. Wala hotuba, wala unga wa kupigiwa picha. Mwenye cheo akitaka kuja, aje saa mbili asubuhi kama sisi, akae na mtu mmoja mpaka saa sita, amchagulie nyungunyungu, anyamaze. Kwa viziwi, ajifunze angalau salamu chache za lugha ya ishara kabla ya kuja. Na akishakuja mara moja, arudi. Hilo la kurudi nalipigania kuliko yote, maana mtoto aliyekuzoea wewe, na sauti yako, na namna unavyomshika kiwiko, akikukosa mara ya pili anaanza upya na mgeni mwingine, na wengine huchukua nusu siku kumkubali mtu.

Mimi nilirudi kwa kijana yule. Sikuwa na hakika kama angenitaka. Mama yake alimuuliza mbele yangu, naye akanitazama kwa muda, kisha akauelekeza ufito upande wangu ili niufunge. Nilimfunga tyubu, nikamwekea chambo, nikaikalia mikono yangu. Kweli kabisa niliikalia, chini ya mapaja, kwenye majani yenye umande.

Samaki wa kwanza alidonoa akaenda. Wa pili alifika mpaka juu ya maji, tukaona pezi lake, akachomoka. Nilihisi mikono ikiwasha. Kijana alikuwa akihema kwa nguvu, mate yakimtoka, na mama yake nyuma yetu kimya. Wa tatu alipodonoa, hakuvuta kwa mkono. Aliegemea nyuma kwa mwili wote, mgongo ukagusa majani, na sato akaruka juu ya vichwa vyetu akaangukia nyuma, karibu na leso ya mama. Tulipiga kelele bwawa zima.

Nilimwonyesha jinsi ya kumshika asichomwe na miiba ya pezi la mgongoni: unaanzia kichwani, unapapasa kuelekea mkiani ili miiba ilale. Alifanya hivyo kwa ngumi ile ile, taratibu sana, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama yake. Kwenye tuktuk alimbeba samaki mapajani ndani ya karatasi, hakumpa mtu. Walipofika nyumbani, dada yake akaleta kisu aparue magamba. Akakataa, akapiga kelele mpaka wakaelewa kwamba anamngoja nyanya, aliyekuwa bado shambani. Wakangoja wote. Nyanya akaja na matope miguuni, akainama akamtazama samaki, akamtazama mjukuu wake, akamuuliza watakula nani na nani.

Akawaonyesha kwa kidevu, mmoja mmoja, kila aliyekuwa amesimama uani.