Klachi Mpya ya Gari la Michezo: Isawazishwe, au Ifungwe Ilivyotoka Kiwandani?

Anayebadilisha matairi hahitaji kubembelezwa ili magurudumu yake yabalansiwe. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka takriban mara 1,000 kwa dakika gari likienda kilomita 120 kwa saa, na kila dereva anajua usukani hutetemekaje uzito ukiegemea upande mmoja. Klachi ya gari hilohilo, yaani kiungo kinachounganisha injini na giaboksi na kuzitenganisha kanyagio likikanyagwa, ikiwa ni gari la michezo, inaweza kuzunguka mara 7,000 kwa dakika. Hata hivyo, mtu akitaka isawazishwe kabla ya kufungwa, huonekana mpenda madoido aliyejiingiza katika mambo ya mashindano yasiyomhusu.

Wanaopinga wana hoja, na si hoja ya uvivu. Viwanda vinavyojulikana husawazisha presha pleti (bamba la klachi lenye springi za kubana) na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa krankishafti, mhimili mkuu wa injini) kila moja peke yake, kwa kuwa visingeweza kuuza vipuri vya kubadilishana kama kila kipuri kingelazimika kuoanishwa na injini yake. Vishimo vinavyoonekana pembezoni mwa presha pleti nyingi, vilivyotobolewa kupunguza uzito wa upande uliozidi, ni ushahidi kwamba zimeshapita kwenye mashine ya kusawazishia. Magari mengi hubadilishiwa klachi yakarudi barabarani bila mtetemo wowote, na mwenye gari la kawaida ambalo injini yake haipandi zaidi ya mizunguko 4,000 hana sababu ya kulipia kazi asiyoweza kuihisi. Kwake mjadala umekwisha.

Kwa gari la michezo haujaisha, na kinachosahaulika ni jinsi nguvu inayovuta uzito kwenda nje inavyokua: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara 4. Tuchukue gramu 10 zilizozidi upande mmoja, milimita 130 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, ziada hiyo huvuta kama mzigo wa kilo moja na nusu, ambao injini haiujali. Kwenye mizunguko 7,000 kasi imeongezeka mara 7 lakini mvuto umeongezeka mara 49, na gramu zilezile 10 sasa zinavuta kama kilo 71. Mara ya kwanza nilirudia hesabu hiyo nikidhani nimekosea desimali. Tena kilo hizo hazitulii kama gunia juu ya mizani. Mwelekeo wake hukata duara zima takriban mara 117 kila sekunde, na anayezipokea kwanza ni beringi ya mwisho ya krankishafti, iliyo jirani kabisa na klachi. Ni kweli kwamba gramu 10 ni nyingi, na kiwanda makini hakiachi kasoro ya kiasi hicho. Tukizishusha hadi 3, bado zinabaki kilo 21.

Isitoshe, dhamana ya kiwanda inahusu kipuri kimoja kimoja. Flaiwili iliyochongwa upya, presha pleti kutoka kwa mtengenezaji mwingine na klachi pleti (diski inayobanwa kati ya hizo mbili) kutoka kwa mwingine tena, kila kimoja kinaweza kuwa ndani ya mipaka inayoruhusiwa, lakini pande zao nzito zikikutana kasoro hujumlishwa. Aina ya injini nayo ina neno lake. Injini ya silinda 4 zilizo kwenye mstari mmoja ina mtetemo wake wa asili, unaotokea mara mbili kwa kila mzunguko wa krankishafti, na kasoro ndogo ya klachi hujificha humo. Injini ya silinda 6 za mstari mmoja, au ya V12 (silinda 12 katika safu mbili zenye umbo la V), haina pa kuificha. Jaguar E-Type ya mwaka 1961 ilikuja na injini ya silinda 6 za mstari mmoja, na kuibadilishia klachi kunalazimu injini itolewe pamoja na giaboksi. Anayefungua gari kiasi hicho kisha akaona kupeleka presha pleti kwenye mashine ni usumbufu, hesabu yake siielewi.

Ila kazi yenyewe ina utaratibu, na sehemu kubwa ya sifa mbaya ya kusawazisha klachi imetokana na kuupuuza. Flaiwili husawazishwa kwanza ikiwa peke yake. Kisha presha pleti hufungwa juu yake, na marekebisho yote yanayofuata hufanywa kwenye presha pleti tu, ili siku ikibadilishwa flaiwili ibaki sahihi. Klachi pleti haiingizwi katika kipimo hicho, kwa sababu kila kanyagio linapokanyagwa na kuachiwa hubanwa upya mahali pengine. Hiyo hupimwa peke yake. Tena kuna injini, kama baadhi ya V8 za Ford, ambazo flaiwili yake imeongezwa uzito upande mmoja kwa makusudi ili kukamilisha usawa wa krankishafti. Fundi asiyelijua hilo akaisawazisha hadi sifuri atakuwa ameharibu injini iliyokuwa nzima.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili naiona kwenye pini za kuongozea, zile zinazoiweka presha pleti katikati ya flaiwili. Presha pleti ya kilo 6 ikihama katikati kwa milimita 0.05 tu, huzaa kasoro sawa na gramu 3 zilizowekwa milimita 100 kutoka katikati. Pini zikiwa zimelegea, usawa uliopatikana kwenye mashine hupotea siku ya kufunga, na fedha imetupwa. Lakini hoja hiyo inataka pini zibadilishwe. Haisemi kipimo kiachwe. Wala kupima si kukata: mashine ikionyesha kasoro iko ndani ya mipaka, presha pleti hufungwa ilivyo bila kuguswa. Ikilazimu kutobolewa, fundi apige alama kwenye flaiwili na presha pleti kabla hajazitenganisha, kwa maana presha pleti yenye pini 3 zilizopangwa kwa umbali sawa hukubali kufungwa kwa namna 3, na ni moja tu kati ya hizo iliyopimwa.