Farasi wa Mickey na miaka 95 ya kufungiwa

Januari 1, 2025, filamu fupi ya katuni The Plow Boy ya 1929 iligeuka mali ya umma nchini Marekani: hakimiliki yake iliisha, na yeyote anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. Ndani yake yumo Horace Horsecollar, farasi anayemkokotea Mickey Mouse wa Disney plau shambani. Wengi hawakumtupia jicho. Popeye na Tintin, wahusika wa katuni wenye majina makubwa zaidi, walifunguliwa siku hiyohiyo. Watetezi wa hakimiliki ndefu hapo hupata la kusema: farasi ambaye hata jina lake watu hawalijui, kufungiwa kwake kumemnyima nani nini?

Wana hoja, kwa kiasi. Disney haikumtupa. Mwaka 1990 ilimpa kazi ya kumfundisha mwana wa mfalme katika The Prince and the Pauper, na 2013 ikamrudisha katika Get a Horse! Kutunza filamu kuukuu ni gharama, na asiyetarajia kipato hatoi pesa zake.

Lakini farasi huyu alichorwa chini ya sheria iliyoahidi miaka 28, na mingine 28 kwa atakayesajili upya. Jumla 56, basi. Angekuwa huru kabla ya 1986. Muda ukasogezwa hadi miaka 75, kisha 1998 ikaongezwa 20. Nyongeza ya 1998 ingemshawishije mchoraji wa 1929 ashike kalamu?

Kesi ya Eldred, iliyopinga nyongeza hiyo, ilipoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani, 2003, nyongeza ilipita kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Stephen Breyer, mmoja wa wale wawili, alitaja kadirio ambalo halijapewa uzito unaostahili: kati ya kazi zenye umri wa miaka 55 hadi 75, ni kama asilimia 2 tu bado zina thamani ya kibiashara. Yaani katika kila mia, mbili zinalipa, na 98 zinakaa kifungoni kwa ajili ya hizo mbili. Na Horace ana nafuu, maana mwenye naye anajulikana na ofisi yake ipo. Katika hizo 98 zimo kazi za kampuni zilizokufa zamani na warithi wasiojua kama wamerithi. Mtu yuko tayari kuisafisha filamu kwa pesa zake mwenyewe, ila hajui ruhusa akaiombe wapi.

Hofu kwamba wahusika watachafuliwa si ya kubuni. Winnie-the-Pooh alifanywa muuaji kwenye filamu ya 2023. Hata hivyo, dubu wa watoto yupo palepale. Wala kufunguliwa si kuachiwa kila kitu. Alama za biashara zinabaki, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa huko Chicago, katika kesi ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi, ilisema kinachokuwa huru ni kile kilichomo katika kazi za zamani. Sifa zilizoongezwa baadaye zinangoja zamu yake. Anayemtaka Horace leo, basi, amchore kutoka filamu ya 1929. Yule mwalimu wa 1990 bado ni wa Disney.