Futi 2,500 kutoka shule hazimlindi mtoto

Niseme mapema ili tusielewane vibaya, mimi ni mzazi na mtu aliyembaka au kumlawiti mtoto sina huruma naye hata kidogo, afungwe na akitoka aangaliwe kwa karibu. Lakini hizi sheria za Marekani za kumkataza asiishi jirani na shule naona zinawapa wazazi usingizi wa bure, na naomba mnisikilize kabla hamjanirukia.

Tuanze na Miami. Jimbo la Florida tayari lilikuwa na sheria ya futi 1,000 kutoka shule, chekechea na viwanja vya watoto, yaani kama mita 300 hivi. Mwaka 2005 kaunti ya Miami-Dade ikaona haitoshi ikapandisha mpaka futi 2,500 kutoka shule, karibu mita 760. Sasa mji umejaa shule kila kona, ukichora duara la ukubwa huo kuzunguka kila moja, mtu aliyetoka jela akapange wapi? Sehemu chache zilizobaki kodi yake haiwezi. Ndo wanaume wakaishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle, lile linalovuka maji kwenda Miami Beach, na wala hawakuwa wamejificha, maafisa waliokuwa wanawasimamia walijua wako pale na walikuja usiku kuhakikisha wapo, kuna waliopewa hadi leseni ya udereva ambayo anwani yake ni daraja! Walikaa kwenye mahema na vibanda, wakawasha jenereta ili wachaji vifaa vya GPS vya kuonyesha walipo, walivyofungwa mguuni. Yaliendelea hivyo miaka kadhaa mpaka 2010 walipoondolewa, na baadaye kambi nyingine ikaota kando ya reli upande wa Hialeah.

Mtoto wa Miami alifaidika nini na hilo? Mtu asiye na nyumba, kazi wala ndugu wa kumuuliza alikuwa wapi ndo mgumu kuliko wote kumfuatilia. Tena kinachopimwa pale ni umbali wa kitanda chake cha usiku, wakati shule usiku haina mtoto.

Na hapa ndo panaponiuma zaidi. Wizara ya sheria ya Marekani ilitoa takwimu mwaka 2000 za kesi zilizofika polisi, na katika watoto waliofanyiwa ukatili wa ngono ni kama 7% tu walioharibiwa na mtu wasiyemjua. Waliobaki ni baba wa kambo, mjomba, jirani, kocha, rafiki wa familia, watu wanaokaribishwa chakula. Mshawishi mkubwa wa sheria hizi Florida, Ron Book, binti yake Lauren alinyanyaswa kingono miaka mingi na yaya, ndani ya nyumba yao wenyewe. Simlaumu yule baba kwa hasira yake, mzazi yeyote angewaka, ila hakuna futi za kutoka shule ambazo zingemzuia yule yaya.

Jimbo jingine, Minnesota, walifanya kazi ya maana, idara ya magereza ikachambua watu 224 waliotoka jela wakarudia makosa ya ngono wakafungwa tena, ikatoa ripoti 2007. Kesi ambayo sheria ya makazi ingeweza kuizuia haikupatikana hata moja.

Iowa nao walikuwa na futi 2,000, na waliokuja kuipinga ni waendesha mashtaka wenyewe, watu ambao kazi yao ni kuwafunga hao hao, mwaka 2006 wakaomba hadharani ibadilishwe. Mwaka 2009 bunge la jimbo likaibakiza kwa wenye makosa mazito zaidi dhidi ya watoto, halafu likaweka marufuku ya waliodhuru watoto kuzurura shuleni na maeneo ya watoto au kufanya kazi huko. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, inamwangalia mtu anafanya nini na yuko karibu na nani. Florida wangefuata hapo, na muda wote wa maafisa kuhesabu watu chini ya daraja ungeenda kwa walimu na manesi, wafundishwe kumtambua mtoto anayeharibiwa na mtu wa nyumbani kwao na wajue wampigie nani siku hiyo hiyo.