Deni halifungi mlango wa upekuzi, kulificha ndiko kunakoufunga

Dar es Salaam wengi wanaamini kwamba mkopo ukishakushinda, usihangaike kuomba kazi yenye upekuzi wa usalama, yaani ile ambayo mwombaji huchunguzwa kwanza kabla ya kuaminiwa na siri. Ndiyo maana sehemu ya madeni kwenye fomu huachwa tupu. Woga huo unaeleweka, lakini unamwangamiza mwombaji kuliko deni lenyewe.

Wapekuzi wana hoja nzito. Aliyebanwa na wadai hununulika kwa urahisi. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, talaka na madeni vikimkaba, na malipo ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Watu waliuawa kwa sababu yake.

Hata hivyo, mwongozo wa Marekani wenyewe wa upekuzi huo, SEAD 4, unaotumika tangu Juni 2017, haumhukumu mtu kwa kudaiwa tu. Kipengele F, kinachohusu fedha, kinazingatia deni lililotokana na kupoteza kazi, ugonjwa, msiba, talaka, hata kunaswa na wakopeshaji wanyonyaji, wale tunaowaita kausha damu, mradi mdaiwa hakukaa tu. Kinachopimwa ni makaratasi: makubaliano na mdai, risiti za marejesho ya miezi mfululizo, barua ya kupinga deni lisilo halali pamoja na vielelezo. Ahadi ya kuanza kulipa ukishapata kazi haina uzito.

Balaa lipo kwenye SF-86, fomu ya maswali anayojaza mwombaji wa huko Marekani. Inauliza kama ndani ya miaka 7 iliyopita ulichelewesha deni lolote kwa zaidi ya siku 120. Mtu ana deni dogo lililokwama, anaona aibu, anajibu hapana. Mpekuzi anavuta ripoti ya mikopo, analikuta. Jambo ambalo pengine lingekwisha kwa risiti chache sasa linaangukia kipengele E cha SEAD 4, cha mwenendo na ukweli, na sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa maelezo ya uongo ya makusudi. Deni hulipwa likaisha, lakini jibu lenye saini yako linabaki kwenye faili, na upekuzi ujao utalinganishwa nalo. Hapo hakuna tena anayeuliza unadaiwa kiasi gani. Wanauliza nini kingine umeficha. Aliyesahau kwa nia njema ana utetezi. Aliyekosea akawahi kurekebisha mwenyewe anasikilizwa pia, ila si yule anayengoja mpaka aonyeshwe ripoti.

Hata kwetu, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi kutamka mali na madeni yake kila mwisho wa mwaka. Inadai yatajwe, haidai asiwe nayo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, chukua ripoti yako kwenye taasisi ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu. Ilinganishe na salio la Bodi ya Mikopo, benki na SACCOS. Kwa kila deni andika mdai, kiasi, tarehe lilipokwama, sababu, na ulichokwisha kulipa. Angalia pia mikopo uliyowadhamini wenzako kazini. SF-86 inauliza na hiyo, nayo husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa mdhamini huwa hapati habari mpaka mkopaji aache kulipa.