Mjomba aliniuliza: kitabu kimeharibika au hakijaharibika?

Msimu wa korosho uliopita mjomba wangu alishuka kutoka Masasi, akakaa kwetu Mikindani siku tatu. Jioni moja tukaenda pamoja kwenye mhadhara wa dini. Mzungumzaji aliinua Biblia, akasema imechakachuliwa yote, haina hata herufi ya kuaminika. Hazikupita dakika kumi akaifungua Kumbukumbu la Torati 18:18, akasoma kwa furaha: nabii anayetajwa hapa ni Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Mjomba ni Mwanglikana. Wamisionari walifika Masasi mwaka 1876 na ukoo wa mama ukaingia kanisani. Na kwetu Wamakua mjomba ndiye mwenye mpwa, huwezi kumjibu ovyo. Akaniinamia: "Mpwa, kitabu hiki kimeharibika au hakijaharibika?"

Nikanyamaza. Ile aibu ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu, na leo nasema wazi: neno "tahrifu", yaani kupotoshwa kwa vitabu vya Mwenyezi Mungu, tunalitumia kwa pupa, na kwa pupa hiyo tunawavunjia heshima hata wanazuoni wetu wenyewe.

Kurani inawalaumu wanaoandika kitabu kwa mikono yao kisha wakasema kimetoka kwa Mwenyezi Mungu (2:79), na wanaoyaondoa maneno mahali pake (4:46). Lakini yameondolewa vipi? Hapo ndipo wanazuoni walipogawanyika. Tazama kisa anachokisimulia swahaba Ibn Umar, kimo katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume. Mayahudi wa Madina walileta kwa Mtume mwanamume na mwanamke waliozini. Akawauliza Taurati inasemaje. Wakasema wazinzi huaibishwa na kuchapwa. Abdullah bin Salam, aliyekuwa mwanachuoni wao kabla ya kusilimu, akasema mmeongopa. Taurati ikaletwa, na msomaji akaweka kiganja juu ya aya ya kupiga mawe, akasoma ya kabla yake na ya baada yake. Akaambiwa: inua mkono wako. Akainua, aya ikaonekana.

Kila nikikisoma kisa hiki nasimama hapo. Aya ilikuwepo. Kilichoifunika ni mkono wa msomaji. Na Imamu Bukhari mwenyewe, katika kitabu cha mwisho cha Sahihi yake, ameeleza kwamba hakuna awezaye kuondoa tamko la kitabu cha Mwenyezi Mungu. Wanachokipotosha ni maana.

Mwanachuoni Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, hakukubali hata kidogo. Aliipitia Taurati hesabu kwa hesabu, kisa kwa kisa, akatoa migongano, akahukumu kwamba maandishi yenyewe yamebadilishwa. Hoja zake ni nzito, na nyingi tunazozisikia mihadharani zinafanana nazo. Ila karne nne baadaye mwanachuoni al-Biqa'i, huko Kairo, alinukuu Taurati na Injili ndani ya tafsiri yake ya Kurani, akashambuliwa, akaandika kitabu kizima kujitetea. Wote hao ni wetu.

Mimi naamini Injili aliyoteremshiwa Nabii Isa si zile nne za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na sioni haya kumwambia mjomba hivyo. Lakini kusema kila mstari ni uzushi, hilo sina dalili nalo. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lilikuwa la zamani kwa takriban miaka elfu moja kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana wakati ule, na kwa sehemu kubwa yanaafikiana. Mtume alituwekea mpaka, kwa riwaya ya Abu Hureira: watu wa Kitabu msiwasadikishe wala msiwakadhibishe. Anayepanda jukwaani na Biblia mkononi angeanzia hapo.

Wiki iliyopita nilimpigia mjomba, nikamsimulia kisa cha kiganja. Akanyamaza, halafu akauliza: "Aya yenyewe iko wapi katika Biblia yangu?" Nikamwambia atazame Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 22 hadi wa 24. Nikasikia kurasa zikifunguliwa. Akaanza kunisomea kwa sauti, taratibu, mpaka salio likaisha.